Mwongozo Kamili: Kutibu Hitilafu za Kidhibiti cha Diski kwa Kusasisha Fimwea

Ujumbe ninaotumiwa kuhusu jambo hili unafanana mno. Diski inaganda, au inapotea katikati ya kazi na kurudi kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Mwenye kompyuta anasikia kuna sasisho, analipakua, analisakinisha, na kesho yake diski inaganda vilevile. Wengine yamewakuta makubwa zaidi: diski iliyokuwa ikisumbua sasa haionekani kabisa.

Nikiwauliza walivyofanya, karibu wote walianza moja kwa moja na hatua ambayo hapa chini ni ya sita. Zile tano za mwanzo ndizo zinazoamua kama ya sita itafaa kitu, kwa hiyo nimeziandika kwa urefu. Tafadhali usiziruke.

Kwanza tuelewane maneno. Kuna vidhibiti viwili kwenye njia ya data yako. Kimoja kiko kwenye bodi mama au kwenye kadi uliyoichomeka. Hiki ndicho kinachozungumza na diski kwa niaba ya kompyuta. Cha pili kimo ndani ya diski yenyewe, nacho ni kama kompyuta ndogo yenye prosesa na kumbukumbu yake. Fimwea ni programu inayoendesha chipu hizo kutoka ndani. Chipu ikiwa na kosa la kimantiki, fimwea mpya inaweza kulirekebisha au kulikwepa. Wakati mwingine kinga haiji kwa fimwea bali kwa draiva au kerneli ya mfumo endeshi, (kiini cha mfumo huo), ambayo hufundishwa isiiombe chipu kufanya kile isichokiweza.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Diski nyingine yenye nafasi ya kutosha kubeba data yako yote.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi, ya kuwashia kompyuta kwa Linux au kwa programu ya mtengenezaji.
- Kebo ya SATA ambayo una hakika ni nzima, kama diski yako ni ya SATA (inayounganishwa na bodi mama kwa kebo).
- Umeme usioyumba. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa, vyote viwili kwa pamoja.
- Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker wenye tarakimu 48, kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la data la Windows). Uandike kwenye karatasi, nje ya kompyuta hiyo.
- Programu za `smartmontools`, `nvme-cli` na `fwupd` kwa wanaotumia Linux. Wa Windows watumie PowerShell iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi, pamoja na programu ya mtengenezaji wa diski.
- Daftari na kalamu. Utaandika namba kadhaa kabla ya kazi na kuzilinganisha baada ya kazi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa mantiki

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sasisho haliungi waya uliolegea, halirudishi sehemu ya diski iliyochakaa, wala halitengenezi transista iliyoharibika. Kabla ya kupakua chochote, jua unatibu nini.

Soma afya ya diski:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Kwa diski ya NVMe (ile ya kasi ambayo mara nyingi huchomekwa moja kwa moja kwenye bodi mama) weka `/dev/nvme0` badala ya `/dev/sda`. Kwenye diski za SATA tazama namba hizi:

Namba 199, makosa ya CRC. Hii huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kidhibiti cha bodi mama. Mara nyingi kosa ni kebo, soketi au kiunganishi. Kumbuka kwamba hesabu hii huwa hairudi nyuma. Ukikuta 340 leo, huenda zote zilitokana na kebo iliyobadilishwa mwaka juzi. Kwa hiyo andika namba, badilisha kebo, tumia kompyuta siku mbili, kisha soma tena. Ikibaki 340, umeshapona bila fimwea.

Namba 5, 197 na 198. Hizi zinahusu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyoshika data) zilizohamishwa, zinazongoja kuamuliwa, na zilizoshindikana kusomwa. Zikipanda siku hadi siku, diski yenyewe inakufa. Nakili data, tafuta diski nyingine.

Namba 9, saa za kufanya kazi. Iandike. Utaona umuhimu wake mbele.

Kisha soma kumbukumbu za mfumo. Kwenye Linux:

`sudo dmesg | grep -iE "ata[0-9]|nvme"`

Ukiona `failed command: READ FPDMA QUEUED` ikijirudia wakati kebo ni mpya, shuku jinsi diski na kidhibiti vinavyoelewana kwenye foleni ya amri (amri nyingi zinazotumwa kwa pamoja zikisubiri zamu). Ukiona `controller is down; will reset` kwenye NVMe, hasa baada ya kompyuta kukaa kimya kwa muda, shuku usimamizi wa umeme. Hizi ndizo hitilafu ambazo fimwea na draiva huzitibu vizuri.

Kwenye Windows fungua Event Viewer, ingia kwenye kumbukumbu za System. Tukio namba 129 maana yake kidhibiti kilinyamaza hadi mfumo ukalazimika kukizindua upya. Namba 11 ni kosa la kidhibiti. Namba 7 ni sekta mbovu, na hilo linakurudisha kwenye diski inayokufa.

Dalili zinazoashiria kosa la kimantiki ni hizi: diski inapotea kila ikitoka usingizini; inaganda baada ya muda ulio karibu sawa kila mara; inaonyesha ukubwa wa ajabu; faili za zamani zinasomeka polepole kuliko mpya; au diski nyingi za modeli ileile zinaugua kwa pamoja.

Sauti ya kugongagonga ndani ya diski ya kuzunguka si kosa la kimantiki. Zima mara moja.

Upo pia ugonjwa wa kidhibiti ambao hakuna sasisho linaloufikia. Januari 2011 Intel ilitangaza kwamba chipseti yake iliyojulikana kama Cougar Point ilikuwa na kasoro ya saketi: milango ya SATA ya 3 Gb/s, namba 2 hadi 5, ingeweza kudhoofika kadiri muda unavyopita. Milango 0 na 1 haikuguswa. Dawa ilikuwa chipu mpya, na kwa wengine kuhamishia diski kwenye milango miwili iliyo salama. Ndiyo maana ninasisitiza ujaribu mlango mwingine kwenye bodi mama kabla ya kuilaumu diski.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja nini kinatokea, lini kinatokea, na kwamba kinaendelea kutokea hata baada ya kubadilisha kebo na mlango.

## Hatua ya 2: Tambua kifaa hadi herufi ya mwisho

Jina la kwenye boksi halitoshi. Unahitaji modeli kamili na toleo la fimwea lililopo sasa.

Kwa SATA: `sudo smartctl -i /dev/sda`

Kwa NVMe: `sudo nvme list`

Kwa Windows: `Get-PhysicalDisk | Get-StorageFirmwareInformation`

Kwa kidhibiti cha bodi mama au kadi: `lspci -nn | grep -iE "sata|raid|sas|non-volatile"`

Nakili jibu lote kama lilivyo. Tofauti ya herufi moja ina maana yake. Mfano mzuri ni Samsung 980 PRO: toleo `3B2QGXA7` lilikuwa na kasoro iliyoweza kuifunga diski isiandikike tena, na toleo lililoirekebisha ni `5B2QGXA7`. Tarakimu moja tu imebadilika. Ukisoma harakaharaka utadhani tayari unalo.

Jambo jingine linalokwamisha watu: diski iliyokuja ndani ya kompyuta ikiwa mpya mara nyingi ina fimwea iliyotolewa kwa ajili ya kampuni iliyounda kompyuta, ingawa diski ina nembo ya kampuni nyingine. Programu ya mtengenezaji wa diski itaikataa au itasema hakuna sasisho. Katika hali hiyo nenda kwenye ukurasa wa usaidizi wa kampuni iliyounda kompyuta, ingiza namba ya mfululizo ya kompyuta, utafute huko. Usilazimishe fimwea ya rejareja.

## Hatua ya 3: Nakili data yako, kisha ithibitishe nakala

Najua kila mwongozo unasema hivi. Ngoja nieleze kwa nini kwa kazi hii halina mjadala.

Sasisho huzuia hitilafu isitokee; halirudishi kilichokwisha kupotea. Mwaka 2011 diski za Intel 320 ziligundulika kuwa zikikatikiwa umeme vibaya, baadhi huamka zikijitambulisha kuwa na MB 8 tu. Fimwea iliyotolewa Agosti mwaka huo iliziba tundu hilo, lakini aliyekwisha kupatwa alilazimika kuifuta diski nzima ili irudi kwenye ukubwa wake.

Kisa cha HPE, kampuni inayotengeneza seva, cha Novemba 2019 kinafundisha zaidi. Baadhi ya SSD zake (diski zisizo na sehemu inayozunguka) za SAS, muunganisho wa diski za seva, zilikuwa zinakufa zikitimiza saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Inaonekana programu ndani ya kidhibiti ilihesabu saa kwenye nafasi ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi, ambayo mwisho wake ni 32,767. Saa moja zaidi, hesabu ikageuka kuwa hasi, na diski haikuwasiliana tena na yeyote. Fikiria seva yenye diski nane za namna hiyo zilizowashwa siku moja: zote zinatimiza saa hiyo kwa pamoja. RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, haikusaidii hapo, kwa sababu imejengwa juu ya matumaini kwamba diski hazifi saa moja.

Kama diski bado inasomeka vizuri, nakala ya kawaida inatosha. Kama inaganda katikati, tumia `ddrescue`, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila kung'ang'ania zilizokwama:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdX picha.img ramani.log`

Ukimaliza, iendeshe tena bila `-n` ili ijaribu yaliyobaki. Onyo: hakikisha `sdX` ni diski mgonjwa, na picha (faili yenye nakala ya diski nzima) inaandikwa kwenye diski nyingine. Ukizipindua, umejiharibia mwenyewe.

Utajua umefaulu: umefungua faili kumi za aina mbalimbali kutoka kwenye nakala, ukiwa kwenye kompyuta nyingine, na zote zimefunguka.

## Hatua ya 4: Pata fimwea sahihi na usome maelezo yake

Pakua kutoka kwa mtengenezaji tu. Tovuti zinazokusanya fimwea za kila kampuni ziache. Huna namna ya kujua faili imeguswa na nani. Mtengenezaji akitoa alama ya SHA-256 (msimbo unaobadilika faili ikiguswa), ilinganishe na yako: `sha256sum faili.bin` kwenye Linux, au `Get-FileHash faili.bin` kwenye PowerShell. Ikitofautiana hata herufi moja, futa na upakue upya.

Halafu soma maelezo ya toleo ukitafuta majibu ya maswali manne. Je, hitilafu uliyoiandika kwenye hatua ya 1 imetajwa? Je, lazima upitie toleo la kati kabla ya kufika la mwisho? Je, sasisho hili linafuta data? Je, ukishasasisha unaweza kurudi toleo la zamani? Baadhi ya diski hazikubali kurudi nyuma.

Kuhusu haraka, msimamo wangu ni huu. Kama hitilafu inahesabu saa, kimbia. Diski za Crucial m4 zilikuwa zinaganda zikipita saa 5,184, sawa na siku 216 za kuwaka mfululizo, hadi toleo `0309` lilipotoka Januari 2012. Mwenye saa 5,000 hakuwa na nafasi ya kusitasita. Chukua ile namba 9 uliyoiandika, ulinganishe na saa zilizotajwa na mtengenezaji.

Lakini kama diski yako haina dalili yoyote na hitilafu si ya kuhesabu saa, ngoja majuma machache. Mapema 2009 Seagate ilitoa fimwea ya kutibu diski za Barracuda 7200.11 zilizokuwa zikijifunga, na toleo la kwanza la tiba hiyo likazifanya baadhi ya diski za GB 500 zisitumike kabisa hadi liliporekebishwa. Waliongoja siku chache waliepuka hilo.

## Hatua ya 5: Tayarisha kompyuta

Simamisha BitLocker kwa muda. Fimwea ikibadilika, kompyuta inaweza kudhani imeibwa na kudai ufunguo wa kurejesha:

`Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 0`

Sifuri hapo ina maana ibaki imesimama hadi utakapoirudisha mwenyewe kwa `Resume-BitLocker`.

Unganisha diski moja kwa moja. Kasha la USB lina chipu yake ya kutafsiri, na nyingi hazipitishi amri za fimwea. Toa diski kwenye kasha, ichomeke kwenye SATA au M.2.

Angalia hali ya kidhibiti kwenye BIOS. Kikiwa kwenye RAID, Intel RST au VMD, programu nyingi hazitaiona diski. Ila usibadilishe kwenda AHCI (hali ya kawaida ya kidhibiti, bila RAID) kwa pupa, maana Windows inaweza kushindwa kuwaka. Njia rahisi: badilisha, washa kwa flashi ya Linux, sasisha, kisha urudishe mpangilio wa zamani kabla ya kuwasha Windows. Tahadhari: kama diski kadhaa zimeunganishwa kuwa RAID moja kupitia mfumo huo, usifuate njia hii, tumia zana za mtengenezaji wa RAID.

Chomoa diski nyingine zote unazoweza. Kosa la kuchagua diski isiyo sahihi haliwezekani ikiwa iliyobaki ni moja.

Zima usingizi wa kompyuta. Sasisho lenyewe huchukua sekunde au dakika chache, lakini sekunde hizo zisikatishwe.

Kwenye seva yenye diski nyingi, sasisha moja, ifuatilie siku nzima, ndipo uendelee na nyingine.

## Hatua ya 6: Sakinisha

Chagua njia moja. Nimezipanga kuanzia iliyo salama zaidi.

### Njia A: programu ya mtengenezaji

Ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, kwa sababu hukagua modeli kabla ya kuandika. Ikiwa wanatoa picha ya kuwashia kutoka flashi, chukua hiyo. Diski yenye mfumo unaoendelea kufanya kazi ni mgonjwa anayetembea wakati wa upasuaji.

### Njia B: fwupd kwenye Linux

```
fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-updates
fwupdmgr update
```

Inafaa sana kwa kompyuta mpakato za kampuni zinazoshiriki, na husasisha BIOS pia. Diski yako isipotajwa, maana yake mtengenezaji hajaweka fimwea yake huko. Usitafute ujanja, nenda njia nyingine.

### Njia C: nvme-cli

NVMe ina uzuri wake: kidhibiti kinaweza kuwa na hadi nafasi saba za kuhifadhi fimwea, ingawa diski nyingi zina chache. Kagua kwanza:

```
sudo nvme fw-log /dev/nvme0
sudo nvme id-ctrl -H /dev/nvme0 | grep -A5 frmw
```

Jibu litakuonyesha nafasi ngapi zipo, ipi inatumika, na kama nafasi ya 1 haiandikiki. Ukiwa na nafasi ya 2 iliyo wazi, andika humo ili toleo la zamani libaki kwenye nafasi yake:

```
sudo nvme fw-download /dev/nvme0 --fw=faili.bin
sudo nvme fw-commit /dev/nvme0 --slot=2 --action=1
```

`action=1` ina maana weka kwenye nafasi hiyo, uitumie diski itakapozinduliwa upya. Ipo pia `action=3` inayobadilisha papo hapo bila kuzindua. Nakushauri usiiguse kwenye diski yenye mfumo unaotumika.

### Njia D: PowerShell

Kwenye jibu la hatua ya 2, hakikisha `SupportsUpdate` inasema `True`, kisha chagua diski kwa namba yake ya mfululizo:

```
$d = Get-PhysicalDisk -SerialNumber "NAMBA"
$d | Update-StorageFirmware -ImagePath C:\fimwea\faili.bin -SlotNumber 0
```

Badilisha namba ya nafasi kulingana na ulichoonyeshwa.

### Njia E: kadi za SAS

Kwa kadi zenye chipu za LSI kizazi cha SAS2, anza na `sas2flash -listall` uone toleo. Kwenye mfululizo wa 20, matoleo ya awali yalileta malalamiko ya makosa ya data, na lililozoeleka kuwa tulivu ni `20.00.07.00`. Ukiona namba ndogo kuliko hiyo huku mfumo wako ukiripoti makosa kwenye diski zote kwa wakati mmoja, umeshapata pa kuanzia.

Onyo kubwa: miongozo mingine inakuambia ufute fimwea ya kadi kwanza. Ukishaifuta, usizime wala usiwashe upya kompyuta hadi uandike mpya. Kadi tupu huenda isiamke. Pia nakili anwani ya SAS iliyo kwenye kibandiko cha kadi kabla ya kuanza, utaihitaji ikipotea.

### Njia ya kuikwepa

`hdparm` inaweza kuandika fimwea kwenye diski za SATA, lakini haitakubali hadi uandike pia `--please-destroy-my-drive`. Waliounda zana hiyo walikuwa wanakuonya kwa dhati. Itumie tu ikiwa mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyekuelekeza.

Utajua umefaulu: zana imesema imemaliza bila kosa. Bado hujapona, nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Zima kabisa

Hapa ndipo lile lalamiko la "nimesasisha na hakuna kilichobadilika" linapozaliwa. Kuwasha upya hakukati umeme kwenye diski, na baadhi ya diski husoma fimwea mpya pale tu zinapopata umeme kutoka sifuri.

Kwenye Windows kitufe cha kuzima pia hakitoshi, kwa sababu Fast Startup huilaza sehemu ya mfumo badala ya kuifunga. Tumia:

`shutdown /s /t 0`

Kompyuta ikishazima, chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika, kisha chomeka na uwashe. Kwa kompyuta mpakato, chomoa chaja na uiache imezima kwa muda huohuo.

## Hatua ya 8: Thibitisha, tena kwa siku kadhaa

Rudia amri ya hatua ya 2. Toleo jipya lazima lionekane. Lisipoonekana, rudi hatua ya 7 kabla ya kurudia ya 6.

Kisha ilazimishe diski isomwe yote, mwanzo hadi mwisho:

`sudo dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M status=progress`

Amri hii inasoma tu. Hakikisha `of=` ni `/dev/null` na si kingine. Ikiendelea, fungua dirisha jingine la amri na uendeshe `sudo dmesg -w`. Ukimya hapo ni habari njema.

Kama hitilafu yako ilikuwa data kuharibika kimyakimya, kusoma pekee hakutoshi. Tengeneza faili kubwa kuliko RAM yako, chukua alama yake kwa `sha256sum`, zima na uwashe kompyuta, kisha chukua alama tena. Faili ikiwa ndogo, au usipozima, huenda unasoma nakala iliyobaki kwenye RAM na wala si diski.

Rudia hali iliyokuwa ikileta ugonjwa. Kama diski ilikuwa ikipotea baada ya usingizi, ilaze kompyuta mara kumi. Soma upya namba za SMART (zile za afya za hatua ya 1) na uzilinganishe na daftari.

Mambo mawili yasikushtue. La kwanza, afya iliyokwisha kupungua hairudi. Fimwea ya Februari 2023 ya Samsung 990 PRO ilizuia asilimia ya afya isishuke kasi, lakini haikurudisha iliyokwisha kushuka. La pili, tiba inaweza kuwa ya muda. Samsung 840 EVO ilikuwa ikisoma data ya zamani polepole; tiba ya Oktoba 2014 ilisaidia, kisha upolepole ukarudi, na Aprili 2015 ikatoka fimwea nyingine inayoiburudisha data ya zamani mara kwa mara. Ndiyo maana ninasema pima tena baada ya majuma mawili, na tena baada ya miezi miwili.

Ukiridhika, irudishe BitLocker.

## Hatua ya 9: Kama hakuna fimwea mpya

Bado kuna dawa, kupitia mfumo endeshi. Kerneli ya Linux ina orodha ya diski zenye kasoro zinazojulikana, na huzizimia kiotomatiki kile zisichokiweza. SSD kadhaa za Samsung za familia ya 800, kwa mfano, zimezimiwa TRIM ya kwenye foleni (amri ya kuiambia SSD data ipi haihitajiki tena). Kwa hiyo kabla ya lolote, sasisha kerneli. Kwenye Windows, sasisha draiva ya kidhibiti kutoka kwa mtengenezaji wa bodi mama.

Njia hii ina umri. Miaka ya 1990 vidhibiti vya IDE vya CMD640 na RZ1000 vilikuwa vikiharibu data, na chipu zilizokwishauzwa hazikubadilika. Mifumo endeshi ndiyo iliyofundishwa kuzima usomaji wa mbele uliokuwa na kasoro. Watu waliendelea kuzitumia.

Ukilazimika kuweka kinga mwenyewe, hizi ndizo ninazoanza nazo:

- `libata.force=noncq` huzima foleni ya amri kwenye SATA. Jaribu kama unaona makosa ya `FPDMA QUEUED`.
- `libata.force=3.0G` hushusha kasi ya kiungo. Inafaa pale kidhibiti kinapoyumba kwenye 6 Gb/s.
- `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0` huizuia NVMe isiingie kwenye usingizi mzito. Hii ndiyo imewasaidia wengi ambao diski zao hupotea kompyuta ikikaa bila kazi.

Jaribu moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja, la sivyo hutajua ipi imeponya. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijawaka, bonyeza `e`, ongeza neno hilo mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha washa kwa Ctrl+X. Badiliko hilo hudumu mara moja tu, kwa hiyo kompyuta ikikataa kuwaka, zima na uwashe na litakuwa limeondoka. Likifanya kazi kwa siku chache, liandike kwenye `/etc/default/grub`, kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, na uendeshe `sudo update-grub`, au amri inayolingana nayo kwenye Linux yako.

Kila kinga ina gharama. Bila foleni ya amri diski hupungua kasi ikiwa na kazi nyingi kwa wakati mmoja. Bila usingizi mzito betri huisha mapema kidogo.

## Diski isipoonekana baada ya sasisho

Usirudie kuandika fimwea ukiwa na wasiwasi. Fuata mpangilio huu.

Zima, chomoa umeme kwa dakika kumi, washa na uingie kwenye BIOS. Ikionekana huko ila si kwenye mfumo, tatizo ni mpangilio wa AHCI au RAID uliousahau kuurudisha.

Isipoonekana kwenye BIOS, ihamishie kwenye mlango mwingine, ikiwezekana kompyuta nyingine kabisa.

Ikionekana lakini ina matatizo, na ni NVMe uliyoiandikia nafasi ya 2, rudi kwenye toleo la zamani lililobaki nafasi ya 1, kisha zima kabisa kama ulivyofanya kwenye hatua ya 7:

`sudo nvme fw-commit /dev/nvme0 --slot=1 --action=2`

Ikijitambulisha kwa jina geni au ukubwa usio wake, kidhibiti chake kimeamka bila kusoma fimwea kamili. Hapo acha. Mwandikie mtengenezaji ukimpa modeli, namba ya mfululizo, toleo la awali, toleo uliloweka, na saa za kufanya kazi. Vyote viko kwenye daftari lako. Mweleze pia kama uliifuata njia yake rasmi, kwa sababu hilo ndilo la kwanza watakalouliza kabla ya kukubali waranti.